"Rigidly": neno moja katika barua za wafadhili



Katika somo la lugha la toleo hili tunachukua neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "rigidly". Hutamkwa "rijidli", na mkazo huwekwa kwenye silabi ya kwanza, si kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea katika Kiswahili. Tumelichagua kwa sababu hujitokeza katika karatasi ambazo kamati za parokia hutakiwa kuzisoma na kuzitia saini: mikataba ya ruzuku, miongozo ya fedha, maelekezo ya mafundi na ripoti za watathmini. Mtu akiulizwa ghafla maana yake atasema ni "kwa ugumu" au "kwa ukakamavu". Hajasema uongo, lakini akiziingiza tafsiri hizo katika barua ya mfadhili zinaweza kumpeleka kusiko.

Tuchukue mfano. Tuseme parokia imepata ruzuku ya shilingi 12,000,000 kujenga tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye zahanati. Bajeti ina vifungu vya saruji, nondo, mabati na mifereji, ufundi, na usafiri. Kazi ikiwa katikati, bei ya nondo inapanda. Wakati huohuo wanakijiji wanajitolea kusomba mchanga wenyewe, kwa hiyo kifungu cha usafiri kinabaki na fedha. Kamati inakutana, na katibu anafungua faili na kusoma sentensi hii katika barua ya mfadhili: "Budget lines need not be applied rigidly, provided that changes above ten per cent are agreed in writing beforehand."

Mjumbe wa kwanza anasikia "rigidly" na kusema, mnaona, mfadhili amekaza, hakuna kugusa kifungu chochote. Wa pili anasikia "need not" na kusema, mnaona, mfadhili ametuachia, tutumie tunavyoona. Wote wawili wameshika kipande cha sentensi. Barua inasema kwamba vifungu vya bajeti si lazima vishikwe bila kulegezwa hata kidogo, ilimradi mabadiliko yanayozidi asilimia 10 yakubaliwe kwanza kwa maandishi. Akifuatwa mjumbe wa kwanza, tangi litajengwa kwa nondo pungufu huku fedha ya usafiri imelala benki, na tangi lenye nondo pungufu likijaa maji hupasuka. Akifuatwa wa pili, mkaguzi atakuja na parokia itadaiwa kurudisha fedha ambazo zimekwisha kuwa zege. Wagonjwa wa zahanati wataumia katika hali zote mbili.

Hapohapo kuna jambo jingine ambalo sentensi hiyo haikulisema: asilimia 10 ya nini? Kama kifungu cha nondo ni shilingi 2,000,000, asilimia 10 ya kifungu ni 200,000. Asilimia 10 ya bajeti nzima ni 1,200,000. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachiwa kubahatisha. Tutarudi kwenye suala la kuuliza.

Neno lenyewe lilianzia wapi? Mzizi wake ni wa Kilatini. "Rigidus" ni kitu kilichokakamaa kisipindike, na kitenzi chake kilitumika hasa kwa mwili uliokakamaa kwa baridi. Madaktari wamekihifadhi Kilatini hicho katika jina "rigor mortis", yaani kule kukakamaa kwa maiti saa chache baada ya mtu kufariki. Kipande cha mwisho, "-ly", si Kilatini. Ni cha Kiingereza cha kale, nacho kinatokana na neno "lic" lililomaanisha mwili au umbo. Neno hilohilo la kale limo katika jina la "lychgate", lile lango lenye paa kwenye viwanja vya makanisa ya zamani ya Uingereza, ambapo jeneza lilisubiri padre aje kulipokea. Kwa hiyo "rigidly", ukiipasua, ni "kwa umbo lililokakamaa". Wenzetu wengi hujifunza kwamba "-ly" ni alama tu ya namna ya kutenda, na hiyo inatosha kwa mtihani. Lakini tumeona watu hulikumbuka neno vizuri zaidi wakiujua mwili wake.

Kiswahili kina picha nzuri ya jambo hilihili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, akikauka hakunjiki. Samaki aliyekauka ndiye "rigid". Ukimlazimisha hapindi, huvunjika. Ukiishika picha hiyo ya samaki mkavu, matumizi yote ya "rigidly" yatakuja yenyewe, yale ya kusifu na yale ya kulaumu, kwa sababu kuna mahali ambapo tunataka kitu kisipinde na kuna mahali ambapo kutopinda ndiko kunakoharibu.

Tuanze na mahali panapotakiwa kitu kisipinde. Fundi wa maji akisoma katika kitabu cha pampu ya mkono kwamba kichwa cha pampu kiwe "rigidly fixed" kwenye sakafu ya zege, maana yake ni kwamba kifungwe kikiki, kisicheze hata kidogo. Hapa hakuna lawama. Pampu inayocheza hulegeza bolti zake, sakafu hupata ufa, na maji machafu yaliyomwagika juu hurudi kisimani. Hali kadhalika katika mabomba. Mabomba magumu ya plastiki ya PVC huuzwa kwa vipande vilivyonyooka na huunganishwa kwa gundi. Yale ya polithini huviringishwa kama mpira na kufuata kona za mtaro. Mwongozo ukiyaita yale ya kwanza "rigid" haumaanishi kwamba ni imara zaidi. Unamaanisha tu kwamba hayakunjiki. Kamati iliyotafsiri "rigid pipe" kuwa "bomba imara" inaweza kununua bidhaa isiyofaa kwa mtaro wenye kona nyingi, tena kwa nia njema kabisa ya kupata kilicho bora.

Katika ujenzi, basi, tafsiri nzuri ni "kwa kukaza", "kikiki", "ndi", "bila kucheza". Tunawasihi waandishi wa miongozo wasiyaonee haya maneno kama "ndi" na "kikiki" wakidhani ni ya mtaani. Fundi akiambiwa "funga ndi" hahitaji maelezo mengine.

Sasa tuje kwenye kanuni, ambako ndiko kwenye matatizo. "The rules were rigidly enforced" ni sentensi ambayo haijasifu wala kulaumu moja kwa moja. Inasema kanuni zilisimamiwa bila kulegezwa kwa mtu yeyote. Kama kanuni ni ile ya saini tatu kwenye hundi, msomaji atafurahi. Kama ni ile ya kufunga mlango wa zahanati saa 9:30 alasiri hata kama kuna mama mwenye uchungu nje, atasikitika. Neno ni lilelile na hukumu inatokana na kinachozungumzwa. Lakini likitangulizwa na "too", yaani "too rigidly", hapo hakuna shaka tena: mwandishi analaumu. Na hata bila "too", Kiingereza cha ripoti huwa kinaegemea upande wa lawama pale neno hili linapotumika kwa watu na mawazo yao. Mtu akielezwa kuwa anafikiri "rigidly", hajasifiwa kwa msimamo. Ameambiwa ni samaki mkavu.

Hapo ndipo neno letu "ukakamavu" linapotuponza. Katika Kiswahili cha kawaida mtu mkakamavu ni mtu wa kusifiwa. Askari hupita kwa ukakamavu mbele ya mgeni rasmi, vijana hufanya mazoezi ya ukakamavu, mwenyekiti mkakamavu huchaguliwa tena. Sasa mtathmini ameandika kwa Kiingereza kwamba "the committee was run rigidly". Alichotaka kusema ni kwamba kamati iliendeshwa kwa kushikilia utaratibu mno, wajumbe hawakupewa nafasi ya kusema lao. Mtafsiri akaandika: "Kamati iliendeshwa kwa ukakamavu." Ripoti ikisomwa mbele ya mkutano wa parokia, waumini watampigia makofi mwenyekiti, na ujumbe wa mtathmini utakuwa umezikwa kwa heshima zote. Hakuna aliyedanganya. Neno moja limehamia upande wa pili wa mto bila mtu kuona.

"Shupavu" nalo lina sura mbili, maana mtu shupavu anaweza kuwa hodari na anaweza kuwa mbishi asiyesikia. "Uthabiti" na "uimara" ni sifa moja kwa moja, kwa hiyo hayafai kabisa kwa "rigidly" ya lawama. Tunapendekeza badala yake maneno yanayotaja kitendo chenyewe: "kwa kushikilia mno", "bila kulegeza hata kidogo", "bila kujali hali ilivyo". Ni marefu kuliko neno moja la Kiingereza. Urefu huo si aibu, kwani Kiswahili mara nyingi hueleza namna ya kutenda kwa kifungu kizima mahali ambapo Kiingereza hubandika "-ly" na kuendelea na safari.

Neno hili lina ndugu na majirani, na wengi huwachanganya. Hatari kuliko wote ni "rigorously". Limetoka katika ukoo uleule wa Kilatini, lina herufi zinazofanana, na maana yake katika ripoti za miradi ni karibu kinyume kwa upande wa sifa. Mradi uliofuatiliwa "rigorously" umefuatiliwa kwa umakini, kila kitu kimepimwa na kuhakikiwa. Hiyo ni sifa ambayo mfadhili anaitafuta. Mradi uliofuatiliwa "rigidly" umefuatiliwa kwa kujaza fomu zilezile hata pale ambapo mto umebadili njia na kijiji kimehama. Katibu anayeandika ripoti kwa Kiingereza na kutaka kusema "tulifuatilia kwa makini" aandike "rigorously", au bora zaidi aandike "carefully", ambalo halina mtego wowote.

Jirani wa pili ni "strictly". Nalo ni la kukaza, kutoka Kilatini cha kubana kamba. "Strictly confidential" ni siri kabisa. "Funds are strictly for the purchase of seed" maana yake fedha ni za kununulia mbegu na si kitu kingine, hapo hakuna mjadala wala asilimia 10. "Strictly" huweka mpaka. "Rigidly" hueleza jinsi mpaka unavyoshikwa. Lakini ogopeni "strictly speaking". Maneno hayo mawili yakianza sentensi, mara nyingi yanatangulia kulegeza, si kukaza. Mfadhili akiandika, "Strictly speaking, transport is not covered, but in this case...", anasema kwamba tukifuata herufi ya kanuni usafiri haumo, ila kwa safari hii kuna nafasi. Aliyeishia kwenye nukta ya kwanza ya pumzi, akafunga barua, amejinyima ruhusa aliyokwisha kupewa.

"Firmly" ni la sifa karibu kila mahali: kuamini kwa uthabiti, kusimama imara, kukataa rushwa bila kuyumba. Kwa hili maneno yetu "thabiti" na "imara" yanafaa sawasawa.

Na "stiffly" ni la mwili na la adabu. Mzee anayenyanyuka "stiffly" viungo vyake vimekaza. Mtu aliyejibu "stiffly" amejibu kikavu, kwa adabu isiyo na joto, kama mtu aliyeudhika lakini hataki kusema. Tukiwa hapo, wasomaji wa Biblia wanalikumbuka lile taifa la shingo ngumu katika Kutoka sura ya 32. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia neno linaloanza na "stiff" kwa shingo hiyo. Picha yenyewe imo katika Kiebrania, na Waswahili na Waingereza kila mmoja akaivika nguo yake.

Mahali neno linapokaa katika sentensi napo pana maana. "Rigidly" hukaa kabla ya neno kama "enforced", "fixed", "defined", au hukaa mwishoni baada ya kitendwa: "apply the rules rigidly". Hapo maana haibadiliki. Kinachobadilisha ni kikanushi. "Must be rigidly followed" ni amri: fuateni bila kulegeza. "Need not be rigidly followed" ni nafasi: si lazima mfuate kila herufi, lakini bado mnafuata. "Must not be rigidly followed" ni onyo: msifuate kibubusa, tazameni hali. Sentensi hizo tatu zinatofautiana kwa neno moja au mawili mafupi tu, na mtu mwenye haraka huyaruka. Tunashauri katibu anapotafsiri barua kwa kamati azungushie kalamu kila "not", "need" na "must" kabla ya kutafsiri kitu kingine chochote.

Je, mambo haya ni ya makatibu tu? Hapana. Yamo katika kazi nzima ya misaada duniani. Chukueni kitabu cha viwango vya Sphere, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2000 na la nne mwaka 2018. Kinataja kiasi cha chini cha lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku wakati wa maafa. Kwa familia ya watu 6 hiyo ni lita 90, yaani ndoo nne na nusu za lita 20. Kinataja pia watu 250 kwa bomba moja na watu 500 kwa pampu moja ya mkono. Kitabu chenyewe kinaeleza kwamba tarakimu hizo zisomwe kwa kuzingatia mazingira: lengo ni maji ya kutosha na salama, na tarakimu ni kipimo cha kuonyesha kama lengo limefikiwa. Anayezishika "rigidly" atasimamisha kazi lita 15 zinapotimia, hata kama kipindupindu kimeingia na watu wanahitaji maji zaidi ya kunawa. Ataona amemaliza, kwa kuwa karatasi imetimia.

Au chukueni lile jedwali la mradi lenye lengo kuu, matokeo, shughuli, viashiria na dhana, ambalo kila kamati iliyowahi kuandika andiko la mradi imelitolea jasho. Lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani wakati huo. Linasaidia sana kupanga mawazo. Wakosoaji wake kwa Kiingereza wamecheza na jina lake wakaliita jedwali la kufuli, kwa sababu likishatiwa saini watu huogopa kuligusa. Maoni yetu ni kwamba jedwali halina kosa. Safu ya dhana imewekwa humo makusudi ili tukiri kwamba mvua inaweza isinyeshe. Mvua isiponyesha, kilichoandikwa kwenye safu hiyo ndicho kinachotupa haki ya kumwandikia mfadhili kuomba mabadiliko.

Kwa wafadhili wetu wanaosoma Kiswahili tuna ombi, tunalileta kwa heshima. Mnapoandika kwamba jambo fulani lisishikwe "rigidly", mnatufanyia wema, lakini ni wema ambao msomaji wa mbali anaweza asiuone. Tuandikieni kiasi: kifungu kinaweza kupanda au kushuka kwa shilingi ngapi, nani anaruhusu, na kwa muda gani. Mweka hazina wa parokia, ambaye pengine ni mwalimu mstaafu anayefanya kazi hiyo jioni kwa kujitolea, ataelewa tarakimu hata kama kivumishi na kielezi vimempita. Akiogopa, hatatumia fedha iliyoruhusiwa. Tunawaomba msiuite woga huo uzembe.

Na kwa kamati: msione haya kuuliza. Kuna dhana kwamba kuuliza maana ya neno ni kumwonyesha mfadhili kuwa hatukusoma. Ofisi inayotoa ruzuku hupendelea swali la mistari miwili mwezi wa tatu kuliko maelezo ya kurasa sita mwezi wa kumi na mbili. Kwa mfano wetu wa tangi, barua ya kamati inaweza kuwa fupi hivi: nondo zimepanda bei, tunahitaji kuhamisha shilingi 350,000 kutoka usafiri kwenda nondo, je, asilimia 10 mliyoitaja ni ya kifungu au ya bajeti nzima, na kama ni ya kifungu, tunaomba idhini yenu kwa maandishi kabla ya tarehe fulani, kwa kuwa fundi anasubiri. Isemeni kwa Kiswahili kwanza mpaka wajumbe wote wakubaliane, ndipo itafsiriwe. Kwa Kiingereza, swali la msingi ni hili: "Is the ten per cent calculated on each budget line or on the total?"

Jibu likifika kwa simu, mshukuruni aliyepiga na mwombeni aliandike. Jibu lililoandikwa katibu alibane ndani ya faili la mkataba, nyuma ya ukurasa wenye sentensi iliyoulizwa, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili na tarehe ambayo kamati iliisoma. Mkaguzi ataanzia hapo.